Mililita Ishirini na Tano

Kila siku akitoka shuleni, Eliane alinawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, kisha akaenda kumhudumia mama yake, Adélaïde. Eliane alikuwa na miaka kumi na miwili. Waliishi wawili tu katika kijiji cha Kashojwa, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, na mama yake aliuza nyanya sokoni.

Wiki iliyotangulia, madaktari wa hospitali ya Mbarara walikuwa wamemtoa mama uvimbe kwapani. Alirudi nyumbani na mrija mwembamba uliotoka karibu na kidonda na kuishia kwenye kichupa cha mpira laini. Goretti, muuguzi wa zahanati ambaye watu wote walimwita Musawo, yaani daktari, ndiye aliyemfundisha Eliane kazi.

"Pale walitoa uvimbe, ndani kumebaki nafasi," alimweleza. "Maji ikikaa pale, vijidudu wanazaliana, na ngozi haishikani. Hii kichupa inanyonya hiyo maji. Lakini kwanza kamua hewa yote, halafu funga kifuniko ukiwa bado umekamua. Ikijaa hewa, hainyonyi kitu. Maji ikishuka chini ya mililita thelathini kwa siku, siku mbili mfululizo, tunatoa mrija."

Eliane alimimina majimaji kwenye kikombe chenye mistari, akasoma kipimo, akakiandika katika daftari. Tisini. Sabini. Sitini na tano. Mama alimwita "daktari wangu", naye alifurahi sana.

Jumatano, rafiki yake Gisèle alimwita uwanjani. Mazoezi ya netiboli yalikuwa yameanza.

"Fanya haraka! Banatungojea!"

Eliane alimwaga majimaji bila kuyapima, akafunga kichupa bila kukikamua, akaandika "25" na kukimbia. Alhamisi hakukigusa kabisa. Aliandika "20".

Ijumaa asubuhi Musawo Goretti alifika, akafungua daftari na kutabasamu.

"Mama Eliane, hongera! Ishirini na tano, ishirini. Leo natoa mrija."

"Mungu asifiwe," mama alisema. "Ila tangu jana hii fasi ya kwapa inaniuma kidogo."

Goretti alianza kuvaa glavu. Eliane alilitazama daftari. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Lakini mrija ukitoka, majimaji yatabaki ndani ya mwili wa mama.

"Musawo, usitoe!" alisema, machozi yakimlengalenga. "Hizo namba si za kweli. Sikupima. Na sikukamua hewa."

Goretti alifunua shuka. Kichupa kilikuwa kimevimba kwa hewa, na chini ya ngozi ya mama palikuwa na uvimbe laini wa majimaji. Alikifungua, akakisafisha mdomo, akakikamua na kukifunga. Punde majimaji yakaanza kushuka kwenye mrija, tone baada ya tone. Kisha akampigia simu daktari wa Mbarara, ambaye alisema mrija ubaki na mgonjwa apelekwe kwake Jumatatu.

Jumatatu daktari alikagua kidonda. Hapakuwa na usaha wala homa. Eliane aliendelea kupima kila siku, hata siku za netiboli, na baada ya siku sita vipimo vya kweli vilikuwa ishirini na mbili, kisha kumi na nane. Goretti akautoa mrija. Mama aliinua mkono wake polepole, akacheka.

"Mama, unisamehe," Eliane alisema.

"Nilikusamehe siku ile ulisema," mama alijibu, akamkumbatia.

Goretti alivua glavu zake, akamtazama Eliane.

"Watu walitengeneza hii kichupa walifikiria mambo mengi," alisema. "Walifikiria mrija, mpira, hata kifuniko. Lakini haiwezi kuandika ukweli. Hiyo kazi walituachia sisi. Siku ile uliogopa, na bado ulisema. Ndiyo sababu mama yako amepona vizuri."