Ubeti wa Bi Sakina

Chai ya Maimuna ilianza kunuka karafuu maiti siku ya Jumatatu. Mumewe, Awadhi, alikunywa yake, akaisifu, akaomba andazi jingine.

"Mafua hayo," alisema.

Hayakuwa mafua, na Maimuna alilijua kosa lake. Ndani ya kasha la marehemu bibi yake, pale nyumbani Kariakoo, alikuta utenzi ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu zaidi ya miaka mia moja na hamsini iliyopita. Mwishoni, kama ilivyo desturi ya watunzi, mwenyewe alijitaja:

*Mtunzi ni Bi Sakina,*
*kaburini sina jina,*
*nawe usomaye, nena:*
*Mola amrehemie.*

Maimuna alifuta "Bi Sakina," akaandika "Maimuna." Mizani ikakaa, vina vikakaa. Akaupeleka kwa wapiga chapa wa mtaa wa Gerezani, zikachapwa nakala mia tatu. Kariakoo ukiiba simu utakimbizwa mpaka Jangwani. Ukiiba utenzi unaalikwa kuusoma. Mwezi haujaisha, wanawake wa mtaa mzima walikuwa wameuhifadhi, na kila walipofika mwisho walimwombea Maimuna rehema, kama anavyoombewa maiti.

Jumanne wateja wake wa kanga walimuulizia mwenye duka, naye amesimama mbele yao. Jumatano adhuhuri alisikia kalamu ya mwanzi ikikwaruza ndani ya kasha tupu. Akamkimbilia Shehe Bushiri.

"Shikamoo, shehe."

"Marahaba." Mzee aliangaza macho kuitafuta sauti ilikotoka, akamsikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu, sina kombe la kukunywesha likaondoa dua za watu. Umemnyang'anya jina, naye anachukua nafasi yako. Waambie ukweli leo, wangali wanakusikia."

"Nitawaambia Jumamosi," alinong'ona Maimuna. Ijumaa wanawake walikuwa wamemwandalia shughuli ya kumpongeza, na aibu ilimshinda.

Ijumaa baada ya alasiri ukumbi ulijaa moshi wa udi, lakini yeye alinusa karafuu maiti tu, ikimpanda kooni, na alipokifikia kiti chake alikuta kimekaliwa na mwanamke aliyevaa baibui la Maimuna na pete ya Maimuna ya ndoa, vidole vina wino mkavu, wanawake wakipanga foleni kumpa mkono na kumwita Bi Sakina, mke wa Awadhi, ndipo Maimuna akapiga kelele kwamba utenzi si wake, aliuiba, wamsamehe, akarudia mpaka sauti ikamkauka, asigeuke mtu ila yule wa kitini, aliyemtazama kwa utulivu huku akiuanza ubeti wa mwisho, na ukumbi mzima ukamfuata.

"Mola amrehemie," walimaliza.

"Kwani huyu Maimuna alikuwa nani?" aliuliza Salma, mgeni kutoka Mchikichini.

Moza, rafiki wa Maimuna wa miaka ishirini, alijifuta machozi. "Mtunzi wa zamani hizo. Hata kaburi lake halijulikani."

Bi Sakina alifungua tena kitabu ukurasa wa kwanza.

"Turudie," alisema. "Alipenda sana kusomwa."