Nyayo Zilizoishia Darajani

Kila siku mjukuu wangu Rukaya alirudi kutoka shule saa tisa na nusu. Aliniamkia, akavua viatu, akabadilisha nguo za shule, kisha akatoka na beseni la pumba kuwalisha kuku. Kazi zikiisha alikaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, kidevu juu ya magoti, akiangalia njia. Watoto wa mtaa wetu wa Kwamndolwa walipita mbio kwenda uwanjani. Kilichomfikia yeye ni vumbi lao.

Alikuwa na miaka kumi na miwili. Mama yake, binti yangu Maryamu, alipata kazi ya kupika kwenye kambi ya mafundi wa barabara, mbali sana, akamtoa mtoto Handeni katikati ya muhula na kumleta kwangu Korogwe. Handeni aliwaacha marafiki wa tangu darasa la kwanza. Huku, darasa la sita, alipewa nafasi kwenye dawati la nyuma, na mvulana mmoja anayeitwa Julius akambandika jina la Mgeni wa Handeni. Miezi miwili ilipita na bado alikuwa mgeni.

Mimi na yeye tulikuwa na vitendawili vyetu. Tukichambua mchicha au kupukuchua mahindi, namtegea. Utaratibu mnaujua: ukishindwa, unampa mji aliyekutegea, naye akishaupokea ndipo anakwambia jibu. Lakini Rukaya hakupenda kushindwa.

"Kitendawili," nilimwambia siku moja.

"Tega."

"Nikimwita ananiita, nikimfuata simwoni."

Alichambua mpaka fungu la mchicha likaisha. "Hicho nakijua."

"Haya, sema."

"Nakijua tu, Bibi."

"Kama hukijui nipe mji."

"Sina mji wa kutoa," akasema, akavuta fungu jingine. Basi na mimi jibu nikabaki nalo.

Katika chumba cha uani nimempangisha kijana mmoja, Kaleb, mtu wa Bungu kule milimani. Ni fundi simu, kibanda chake kiko karibu na stendi. Yeye na mwenzake Ernesti walikuwa wanatengeneza gemu ya kuwinda zimwi. Mara ya kwanza niliona ni mambo ya kitoto, mpaka aliponieleza vizuri. Mwindaji anapita katikati ya mashamba ya mkonge kama yale ya Ngombezi, anafuata nyayo na majani yaliyovunjika, mpaka anakutana na zimwi lenyewe na kupambana nalo. Gemu ilikuwa haijakamilika. Kaleb alitaka watu waanze kuicheza hivyo hivyo, wamwambie kasoro zake.

"Kumbe unatuonjesha mboga ikiwa bado jikoni," nikamwambia.

"Ndiyo hivyo, Bibi. Chumvi ikizidi niambiwe sasa, siyo wageni wakishakaa mkekani."

Akampa Rukaya simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, pamoja na daftari. Alimwomba aandike atakachokiona mara ya kwanza, kabla hajazoea. Yeye mwenyewe alikuwa ameitazama gemu ile miaka miwili na hakuweza tena kuiona vizuri. Macho mapya aliyoyapata ni ya watu wawili tu: Rukaya, na Loveness, binti wa fundi cherehani aliye jirani na kibanda chake. Loveness alisoma darasa moja na Rukaya, lakini hawakuwahi hata kusalimiana.

Siku ya kwanza nilikaa naye pale kizingitini kutazama. Kwa kweli kulipendeza. Udongo ulikuwa mwekundu, mistari ya mkonge ilinyooka mpaka milimani, na mbwa mdogo alimfuata mwindaji nyuma. Nyayo za zimwi zilikuwa pana kama ungo. Rukaya alicheka alipoona mbuzi amesimama hewani, shubiri moja juu ya ardhi, anakula majani bila wasiwasi. Mbwa naye alipenya ukuta wa nyumba akatokea upande wa pili. Ulikuwa muda mrefu sijamsikia mtoto yule akicheka.

Nyayo zilimpeleka mpaka kwenye daraja la mbao, zikaishia hapo. Akasubiri. Maji yalipita chini, upepo ulivuma, na hakuna kilichotokea. Siku ya pili ikawa vilevile, na ya tatu.

"Bibi, huku ndani hakuna mtu," aliniambia. "Kuna mbwa tu."

"Mwandikie Kaleb hivyo hivyo."

"Labda ni mimi nisiyejua kucheza."

Ijumaa Kaleb alirudi kutoka kazini, akavuta kigoda, akakaa mbele yake. "Haya mwindaji, habari za porini?" Wiki nzima, ukiniondoa mimi, hakuna mtu aliyemuuliza mtoto yule habari za kitu chochote. Rukaya akampa daftari. Alikuwa ameandika mistari miwili: Gemu ni nzuri sana, haina kasoro. Nimeliua zimwi.

Kaleb alifurahi, akampigia makofi. Mimi nilimtazama Rukaya, naye akawatazama kuku.

Kaleb alipoingia chumbani kwake nilimuuliza Rukaya kwa nini amedanganya. Akanijibu polepole kwamba akisema ameshindwa, simu itapewa mtu mwingine anayejua. "Halafu Ijumaa kaka Kaleb atakwenda kukaa kwao huyo," akasema. Nilipaswa kumshika mkono tukamwambie Kaleb palepale, lakini nilikumbuka kile kicheko chake, nikanyamaza. Hilo ni kosa langu, wala silifichi.

Wiki sita zilipita hivyo. Kila Ijumaa Kaleb aliuliza habari za porini, na kila Ijumaa daftari lilisema zimwi limeuawa tena. Rukaya alianza kuogopa Ijumaa, siku ile ile aliyokuwa akiisubiri.

Kisha Kaleb akaja na habari mpya. Mwalimu mkuu, Mwalimu Semboja, amekubali gemu ionyeshwe shuleni siku ya kikao cha wazazi. Shule ilikuwa na chumba cha kompyuta kilichofungwa kwa kukosa mtu wa kufundisha. Gemu ikifanya kazi vizuri mbele ya watu, chumba kitafunguliwa na Kaleb ataanzisha klabu ya wanafunzi. Isipofanya kazi, funguo zitabaki mezani kwa mwalimu.

"Na atakayecheza mbele ya watu ni wewe, Rukaya," akasema. "Hakuna aliyeliua zimwi mara nyingi kama wewe."

Mtoto hakumaliza chakula chake. Siku zilizofuata alishinda kwenye lile daraja la gemu na simu yake, akienda mbele, akirudi nyuma, akiizima na kuiwasha. Siku moja kabla ya kikao alikwenda mpaka mlangoni kwa Kaleb. Akamkuta anapiga pasi shati lake jeupe huku akiimba. Akageuka akarudi.

Siku yenyewe shuka jeupe lilitundikwa ukutani, na picha kutoka kwenye simu ikaonekana hapo kubwa kama mlango. Nilikaa na wazazi wenzangu. Rukaya alikaa mbele, peke yake kwenye kiti. Mashamba ya mkonge yalipotokea watoto walinong'ona kwamba ni Ngombezi kabisa, hata wazazi wakasogeza viti. Mbuzi wa hewani akapata wapenzi wengi. Nyayo zikapita shambani, zikateremka bondeni, zikafika darajani.

Mwindaji akasimama. Maji yakapita. Upepo ukavuma.

"Sasa linatoka," Kaleb aliwaambia watu.

Halikutoka. Watu walianza kukohoa. "Zimwi limekwenda kunywa chai," Julius akasema, na darasa zima likacheka. Kaleb aliichukua simu, akaigonga kiganjani, jasho linamtoka mpaka kwenye kola ya lile shati. Akamwambia mwalimu mkuu kwamba pengine simu imekwama, maana ni ya zamani. Mwalimu Semboja akatazama saa yake.

Rukaya angeweza kunyamaza. Simu ilikuwa tayari imebebeshwa kosa, na hakuna ambaye angemuuliza kitu. Akasimama.

"Simu haijakwama, kaka Kaleb. Mimi sijawahi kuliona hilo zimwi hata siku moja. Nyayo huwa zinaishia hapa. Nilikuandikia uongo."

"Mgeni kumbe muongo," Julius akasema, lakini mwalimu mkuu alipomtazama akainamisha kichwa. Kaleb alisimama na simu mkononi, mdomo wazi. Hapo kiti kikasogea upande wa dirishani, na Loveness akainuka huku akivuta ncha ya sweta yake.

"Hata mimi," akasema. "Nilikwambia nimelimaliza, lakini nyayo zinaishia hapo hapo darajani. Nilidhani ni mimi peke yangu nisiyejua."

Kaleb aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Kila mmoja wenu alikuwa anacheza peke yake?"

"Ningecheza na nani?" Rukaya akauliza. Hakusema kwa ubishi. Aliuliza tu.

Kaleb akashika kichwa. Kwa muda mrefu yeye na Ernesti walikuwa wanaijaribu gemu wakiwa wawili, wamekaa wakitazamana kibandani, simu mbili zimeunganishwa. Hawakukumbuka kuijaribu tena mtu akiwa peke yake. Akamwomba Loveness aje mbele na simu ya baba yake, ile aliyokuwa akichezea. Wakaunganisha. Kwenye shuka akatokea mwindaji wa pili, akatembea, akasimama kando ya yule wa kwanza.

Maji yakachemka chini ya daraja. Zimwi likatoka, kubwa, limejaa miiba ya mkonge mgongoni, na watoto wakapanda juu ya madawati. Loveness alilivuta upande mmoja, Rukaya akalipiga upande wa pili, wakielekezana kwa sauti mpaka likaanguka. Mzazi mmoja nyuma yangu alidondosha kofia yake.

"Lilikuwa linamsubiri mwindaji wa pili," Kaleb akasema watu walipotulia. "Anayecheza peke yake angelisubiri mpaka mwaka uishe. Na mimi nisingejua." Kisha akamgeukia Rukaya. "Umeniumiza kwa ule uongo, sikufichi. Wiki sita nimekuwa nikiwasifia watu kitu kibovu. Ukiniambia kazi yangu ni nzuri nalala vizuri siku moja. Ukiniambia imekwama wapi, unanisaidia kuitengeneza."

Mwalimu Semboja alisimama akasema maneno machache. Alisema kasoro hakuiogopa, kwa kuwa imejulikana na itarekebishwa. Alichotaka wanafunzi wake wajifunze ni kile walichokifanya wasichana wawili mwishoni, kusema sijui na kusema nimekosea mbele ya watu. "Mngesema wiki ya kwanza," akaongeza, "mngejikuta mko wawili tangu wiki ya kwanza." Akatoa funguo za chumba cha kompyuta mfukoni, akampa Kaleb.

Jioni ile Rukaya aliuchana ukurasa wa kwanza wa daftari, akaanza upya. Aliandika habari za mbuzi, na mbwa anayepenya ukuta, na daraja. Aliandika pia kwamba porini kulikuwa kimya mno, na kwamba siku ya kwanza alitamani mtu yeyote amsalimie. Zilijaa kurasa nne. Kaleb alizisoma zote amesimama.

Kesho yake tulikaa uani na mchicha wetu.

"Bibi," akasema, "kile kitendawili chako. Sikijui."

"Nipe mji."

Alifikiri. "Nakupa Korogwe."

"Korogwe naishi humu humu, utanipaje? Leta mwingine."

Akakata bua moja, akalitupa. "Basi chukua Handeni. Lakini uitunze."

"Nimeipokea. Nimefika Handeni nimekaribishwa, nimekula nikashiba, na wenzako wote wanakusalimia. Jibu lake ni mwangwi."

Alicheka, akafuta macho kwa mgongo wa mkono. Nikamwambia yale ambayo nilipaswa kumwambia wiki sita zilizopita, na ninyi mnaosoma nawaambia pia: usione aibu kusema umeshindwa. Ukijifanya unajua, wanaojua hawakwambii, na wasiojua kama wewe hawajitokezi. Mnakaa kila mmoja kwenye kizingiti chake.

Sijamaliza, tukasikia mtu anaita kutoka njiani. "Rukaya!"

"Loveness!" akaitika, akatupa mchicha kwenye ungo na kukimbia kuufuata ule mwito. Safari hii alipofika kwenye kona ya nyumba, alimkuta mtu amesimama.