Kipimo cha Nje

Tairi la nyuma lilipasuka kwa kishindo katikati ya jangwa la mawe. Baiskeli iliyumba, na mshonaji akahisi uzito wa wifi yake ukitoweka nyuma ya mgongo wake. Alipogeuka, wifi alikuwa chini, muundi umechanwa na jiwe hadi mfupa kuonekana.

Mshonaji alivua mtandio, akaufunga jerahani, akaukaza. Damu ilipungua, haikukatika.

“Maji,” wifi alisema.

“Tuna chupa moja tu. Lowesha midomo.”

“Na zahanati?”

“Ng’ambo ya vilima vile. Nikibadilisha tairi, tutafika kabla jua halijazama.”

Tairi jipya lilikuwa limefungwa chini ya kiti. Baiskeli ile haikuwa ya mbio wala ya milimani, bali mseto wa zote mbili, hivyo siku ya kununua tairi hilo muuzaji dukani alikuwa amemwuliza mshonaji namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi la zamani. Mshonaji alicheka, akatoa futi yake ya kupimia nguo, akalizungushia tairi la zamani kwa nje, kisha hili jipya, nene, lenye meno. Vipimo vikalingana sawia. Wifi alipomsihi alivishe kwanza kwenye gurudumu, alimjibu, “Nimepima viuno vya mji mzima, nishindwe na mpira?”

Sasa alipiga magoti, akalisukuma kwa viganja, kisha kwa visigino. Liligota kwenye ukingo wa rimu. Ndipo alipoelewa: unene wa mpira ndio uliokuwa umelikuza duara la nje, tundu la ndani lilikuwa dogo kuliko rimu.

“Linabana?” wifi aliuliza.

“Halivaliki.”

“Basi lifumue pindo, fundi.”

Hakuna aliyecheka.

Alitia tyubu kiraka. Kisha akachukua mkasi, akakata kipande cha tairi jipya, akakiweka ndani ya mpasuko wa lile la zamani na kuanza kushona kwa sindano ya turubai. Sindano ilimtoboa vidole. Uzi ukalowa damu. Nyuma yake, pumzi za wifi zilianza kupishana vibaya.

“Usilale, wifi. Nitukane.”

“Mpima viuno… mwenye kiburi…”

“Endelea.”

Wifi hakuendelea.

Mshonaji alilirudisha tairi lililoshonwa, akalijaza upepo, akamfunga wifi mgongoni kwake kwa kanda za begi, akakanyaga pedali. Kila mzunguko, mshono uligonga ardhi kama kidole mlangoni. Maji yaliisha chini ya kilima cha kwanza. Kwenye kilima cha mwisho nyuzi zilikatika, tyubu ikatokeza na kupasuka. Akaendelea juu ya rimu tupu, mpaka muuguzi wa zahanati alipotoka mbio na kuwashika wote wawili wasianguke.

Wifi alipona. Mguu wake uliishia chini ya goti.

Walirudi dukani pamoja, wifi akiwa na magongo, mshonaji akibeba gurudumu la nyuma. Mshonaji alimsomea muuzaji namba ya ubavuni mwa tairi la zamani, tarakimu moja baada ya nyingine. Muuzaji akaleta tairi.

“Ndilo lenyewe, mama. Nikufungie uchukue?”

“Livishe kwanza.”

“Namba si hiyo hiyo?”

“Livishe,” wifi alisema kutoka kwenye benchi, “sisi tuna muda.”

Mpira uliteleza juu ya ukingo, ukakaa kimya. Mshonaji aliupapasa pande zote, taratibu, kisha akaupapasa tena. Hakuthubutu kumtazama wifi yake, mpaka aliposikia gongo likisogezwa kumpa nafasi ya kuketi.