Aliyelala Kwenye Jalada

Chai ya Glenys ilianza kunuka udongo. Aliimwaga, akachemsha nyingine, nayo ikanuka kaburi vilevile.

"Clive, hebu njoo unuse."

"Chai hiyo, Glen. Acha vituko," alisema mumewe, mpiga kinanda wa bendi ya roki ambayo santuri yake mpya ilikuwa gumzo Uingereza nzima. Wachungaji waliilaani kwa sababu ya jalada: Glenys mwenyewe, amelazwa ndani ya jeneza la kuazima kanisani, macho kayafumba, maua kifuani. Walivyozidi kufoka, ndivyo watu walivyozidi kununua.

Kisha zikaja pumzi. Mchana kweupe Glenys anaanika nguo, mtu asiyeonekana anamhemea shingoni. Maskini, akaanza kuogopa hata kugeuka.

Wakaenda kwa Bi Hepworth, ajuza wa Leeds aliyezungumza na wafu sebuleni kwake. Alilitazama jalada mara moja tu, akalilaza kifudifudi.

"Jeneza hili lina mwenyewe. Umelala mahali pake, mwanangu, na yeye sasa anataka mwili wako. Chomeni picha. Santuri itolewe madukani leo."

"Leo? Bibi, wiki ijayo tuko kwenye televisheni!"

"Clive, nakufa mimi," Glenys alinong'ona.

Wanaume, jamani! Tamaa mbele, mauti nyuma. Clive akajifanya mjanja: akaiomba kampuni ifunge kila jalada kwa karatasi nyeusi, picha isionekane, mauzo yaendelee.

Karatasi zilipofika madukani, Glenys alianguka jikoni akitafuta hewa. Clive akamkimbilia Bi Hepworth.

"Umemfunika uso? Mpumbavu wewe! Anayefunikwa uso ni maiti!"

Clive alitimua mbio mpaka duka la santuri, akararua karatasi moja, akararua nyingine, na nyingine tena, mwenye duka akimpigia kelele, "We kichaa nini!", na kila jalada lililofunuliwa lilikuwa na Glenys yuleyule jenezani, ila sasa macho yamefumbuka, yamemkodolea yeye, na midomo inaita jina lake bila sauti.

Akanyakua simu ya dukani, akapiga nyumbani.

"Haloo, mpenzi," ilijibu sauti ya mkewe, nzima, changamfu. "Nimepona kabisa."

"Glen? Ni wewe kweli?"

"Mimi, mume wangu. Ila hizo karatasi ulizorarua, zirudishe."

Mkononi mwa Clive, picha ya jalada ilikuwa inatikisa kichwa, inalia.