Koti la Shefu Darius

Rafiki yangu Solange hasemi uongo. Kazi yake haimruhusu. Anachunguza mifupa ya watu waliouawa ili kila familia imtambue mtu wake. Mwaka jana, katika kijiji kimoja cha milimani juu ya mji wa Baraka, mashariki mwa Kongo, alifukua watu kumi na mmoja. Kila mfupa wa kidole aliuandika namba kwa wino mweusi, kisha akaifunga yote katika mifuko ya plastiki yenye sili.

Mchana mmoja alikuwa peke yake stoo, chumba kisicho na dirisha, mifuko ile ikiwa mezani mbele yake. Shefu Darius, mkuu wa kijiji, aliingia bila hodi, amevaa koti zito.

"We mama, rudisha hii mifupa mu udongo leo leo!"

"Bamama banangojea bantu yabo hapa inje, papa shefu."

"Nitabafukuza bote. Na we pia."

Jenereta ikazimika. Ndani ya giza lile Solange alisikia vitu vidogo vikigongana, kama mtu anayechambua maharagwe kwenye sahani ya bati. Mlio ulitoka mezani, ukaelekea mlangoni, ukanyamaza.

Taa ziliporudi, mifuko ilikuwa palepale, sili hazijaguswa, ndani mitupu.

"Umeyipeleka wapi?" Solange alifoka.

Shefu aligeuka aondoke, na koti lake likatoa mlio uleule wa maharagwe. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa mfupa wenye namba. Akautupa, akatoa mwingine, na mwingine, hadi sakafu ikawa nyeupe. Akaingiza mkono tena. Safari hii alivuta kwa nguvu zake zote, na kitu mle mfukoni nacho kikavuta.