Sauti ya Mama Chiriku

Kila asubuhi, kabla kengele haijalia, Kiherehere alikuwa ameshafika shuleni. Jina hilo alipewa na wenzake wa darasa la saba, na kusema kweli lilimkaa. Ubao haujafutwa? Yeye. Chaki zimekwisha? Yeye. Mwalimu akikohoa tu, Kiherehere yuko mlangoni na glasi ya maji. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa siku moja alipopewa kazi ya kuandaa ukumbi kwa ajili ya mgeni.

Mgeni wa siku hiyo alikuwa Mama Chiriku. Mwanawe, ambaye kwa kupenda kuzungumza wote walimwita Chiriku, alisoma darasa hilohilo mpaka alipokufa maji kwenye shimo la machimbo nyuma ya shule. Tangu msiba ule mama hakuwahi kukanyaga shuleni, na sauti yake ilififia hata ukizungumza naye inabidi usogeze sikio. Lakini mvua zilikuwa zimerudi, shimo limejaa tena, na wavulana wameanza kuogelea kwa siri. Aliposikia hayo, alimwambia mwalimu wa zamu, "Nitakuja kuwaambia. Mara moja tu, mwalimu. Mara ya pili sitaweza."

"Sikiliza, binti," mwalimu wa zamu alimwambia Kiherehere. "Mapambo baadaye. Kwanza ichomeke spika ipate chaji. Kisha ukijaribu kipaza sauti, mtu asimame nyuma kabisa akusikie. Mama wa watu hana sauti."

"Hilo niachie mimi, mwalimu."

Akaichomeka kweli. Shida ni kwamba ukumbi ule ulikuwa na soketi moja tu nzima. Akafagia, akapanga viti, akatandika kitambaa cheupe kwenye meza ya mgeni. Lo! Kitambaa kilikuwa na mikunjo kama uso wa mtu aliyetoka usingizini. Aibu gani hii? Akakimbia kuleta pasi, akachomoa waya wa spika, akachomeka pasi. Kitambaa kilinyooka, naye akajipongeza. Kisha akakumbuka maua, akatoka kwenda kuyachuma. Waya wa spika ukabaki sakafuni.

Kiherehere aliporudi, mwalimu wa zamu akachungulia dirishani. "Umejaribu kipaza sauti?"

Hakuwa amejaribu. Lakini wanafunzi walishajipanga nje, na kusema "bado" kungemharibia sifa.

"Ndiyo, mwalimu. Kinasikika mpaka nyuma."

Mama Chiriku akaingia, mtandio mweusi kichwani. Kiherehere alikaa mstari wa mbele ili amhudumie maji. Mwanzoni sauti ilitoka vizuri. Mama akasalimu, akashukuru, akafumba macho na kuanza kusimulia. Papo hapo spika ikakoroma, ikazima. Mwenyewe hakutambua, akaendelea. Wa mbele walisikia kwa shida. Wa nyuma waliona midomo tu.

"Hatusikii!" mmoja akanong'ona.

"Labda anaongea na kipaza sauti, wao wawili tu," mwingine akatania. Kicheko kikapita viti vya nyuma.

Mama akafumbua macho. "Mnacheka?" akauliza. Akakaa, akajifunika uso kwa mtandio, mabega yakawa yanamtikisika.

Mwalimu wa zamu akaelekea nyuma kwa hasira. Kiherehere angeweza kunyamaza, mashine ni mashine, nani angejua? Lakini yule mama alidhani wanamcheka marehemu wake. Akasimama.

"Mama, hawakucheka msiba wako. Hawakusikia. Ni mimi. Nilichomoa chaji ili nipige pasi kitambaa, halafu nikamdanganya mwalimu kwamba nimejaribu."

Mwalimu akageuka, akasema taratibu, "Acheni viti. Njooni wote mbele mkae chini."

Wakaja, wakajazana miguuni pa mgeni. Kiherehere akapiga magoti. "Nisamehe, mama. Tafadhali waambie tena."

Mama akatikisa kichwa. "Nilichosema nimekisema, mwanangu. Nilijikaza tangu jana. Siwezi kukirudia." Akafuta macho. "Wewe ulisikia?"

"Nilisikia, mama."

"Basi waambie wewe."

Kiherehere akasimama, machozi yakimtoka. "Mama amesema... jioni ile Chiriku hakurudi nyumbani. Akatoka kumtafuta. Akawakuta wenzake njiani, nywele zimelowa. Akawauliza, mwanangu yuko wapi? Wakamwambia ameenda dukani. Waliogopa kuchapwa. Naye akaenda dukani." "Hakumkuta. Akamnunulia peremende, akakaa barazani kumngoja."

Mvulana mmoja akaangua kilio. "Ni mimi niliyesema dukani, mama. Mimi!"

"Najua, baba," mama akamjibu. Akamvuta karibu. "Sikuja kukutaja. Ila niambie sasa. Mwisho alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa anacheka. Akatuambia tuhesabu, tuone atakaa chini ya maji kwa muda gani. Tukahesabu, mama. Tukahesabu mpaka tukaogopa."

Mama alimshika yule mvulana kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akamshika Kiherehere.

"Sijui kama angepona," akasema. Sauti ilikuwa ileile ndogo, lakini sasa kila mtu aliisikia. "Hilo Mungu ndiye anajua. Lakini ningekuwa kwenye shimo, siyo dukani. Wanangu, huyu alidanganya kwa woga, na huyu kwa kutaka sifa. Hakuna aliyenitakia mabaya. Lakini anayeuamini uongo ndiye anayetumwa njia isiyo yake. Ukikosea, sema. Usiseme ukishabanwa; sema mapema, wakati ukweli bado unaweza kumwokoa mtu."

Wiki hiyohiyo wavulana wenyewe waliwataja kwa mwalimu wote waliokuwa wakienda shimoni, wakianza na majina yao, na wazazi wakalizungushia uzio. Lakini siku ile, baada ya mazungumzo, darasa zima lilimsindikiza Mama Chiriku nyumbani. Walipofika kwenye lile duka aliinamisha kichwa, akaharakisha hatua, nao wakaharakisha pamoja naye.