Ukoko wa Bi Manzar

"Toa hiyo trei kwenye oveni kabla Ami hajaiona," Siamak alinong'ona. "Sufuria lipo, zafarani ipo. Kwa nini ututafutie balaa leo?"

Mahrokh hakugeuka. Alikuwa anakoroga mchuzi wa majani na limau kavu.

Tangu baba yake Siamak afariki, Ami Farrokh ndiye aliyejifanya mdomo wa nyumba hiyo ya Shiraz. Ijumaa hiyo mchana alikuja na wanawe wawili kuonja mkono wa Mahrokh, mchumba wa Siamak. Akishiba ndipo angesema kama harusi ipo au haipo. Na mchumba mwenyewe, badala ya sufuria moja kubwa, kapanga wali wenye mtindi, yai na zafarani kwenye trei ya keki ndogo, yenye vishimo sita.

"Tuko wangapi leo?" Mahrokh aliuliza.

"Sita."

"Na ukoko wa mama yako, siku zote, huwa anakula nani?"

Siamak akaitupia macho trei.

Mahrokh hakuwa mtu wa kusahau. Alishakula katika nyumba hiyo mara kumi na moja. Mara zote Bi Manzar, mama yake Siamak, alipindua sufuria, ukoko ukatoka mzima, rangi ya dhahabu. Ami akavunja nusu, wanawe wakanyang'anyana iliyobaki, na aliyepika akarudi jikoni kukwangua sufuria kwa kijiko, amesimama. Mama yake Mahrokh naye aliishi hivyo mpaka kaburini, akisema hapendi ukoko. Uongo mtupu. Mahrokh aliwahi kumfuma akilamba kijiko cha kukwangulia.

"Kama unanionea aibu, sema sasa nivae viatu vyangu."

Siamak akatoka. Baada ya dakika mbili simu ya Mahrokh ikatetemeka, ujumbe wa Siamak.

"Ami akikataa nifanye nini?"

Akajibu: "Hata mimi nasubiri kuona."

Kitambaa cha chakula kikatandikwa juu ya zulia. Bi Manzar, aliyekatazwa na Mahrokh kushika hata sahani, alikaa kama mgeni, mikono hajui aiweke wapi. Mahrokh akapindua trei. Vikombe sita vya wali vikasimama, kila kimoja kimevaa ukoko wake. Akampa kila mtu kimoja kwenye sahani yake.

Ami Farrokh alicheka puani.

"Hiki chakula au sherehe ya chekechea? Manzar, hukumfundisha mkweo kupika?"

Wanawe wakacheka. Ami akachukua chake, akakimaliza kwa matonge mawili, kisha mkono ukaenda kwenye kingine, kile kilichokuwa mbele ya Bi Manzar. Bi Manzar, kwa mazoea ya miaka thelathini na tano, akamsogezea sahani.

"Chukua, shemeji. Mimi sipendi sana ukoko."

Mahrokh akamtazama Siamak. Siamak alikuwa mweupe kama mtindi.

"Ami," akasema, "rudisha. Hiyo ya mama."

Ami akaishikilia sahani.

"Unasemaje wewe?"

"Nasema umekula wa kwako. Huo ni wa mama yangu. Harusi kama unaivunja, ivunje, lakini sahani irudishe."

Ami akairudisha taratibu, masikio yamemwiva. Bi Manzar akavunja kipande, akatafuna. Ukoko ulilia *kra* kinywani. Akafumba macho.

"Kumbe ukiwa wa moto ndivyo ulivyo," alisema. Machozi yalimshuka asiyafute. "Mkono wako usiume, mwanangu."

Maneno hayo Waajemi humwambia kila mpishi. Ila Bi Manzar alikuwa hajawahi kuyasikia yakielekezwa kwake. Siamak akalikumbuka hilo, akainama, akaubusu mkono wa mama yake.

"Wako pia usiume, mama. Nimechelewa miaka yote hii."

"Umechelewa, ndiyo. Basi vyombo vya leo ni vyako." Kisha akamgeukia shemeji yake. "Na harusi ipo, Farrokh. Mwezi ujao. Mwenye mwana ni mimi."

Siku ya harusi wageni mia mbili walisubiri chakula robo saa nzima. Bi Manzar alikuwa amesimama mlango wa jikoni, mikono kiunoni, hataki sinia hata moja litoke mpaka wapishi wote wakae chini na kula.